Rangi Iliyopita Motoni: Jibu kwa Fundi Rangi wa Tanga

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi rangi, napaka nyumba hapa Tanga, huu mwaka wa kumi na tano. Juzi niliona kwenye simu video ya watu wa makumbusho wameelekeza kitu kama bunduki kwenye mtungi wa Wainka wa Peru, kisha wakasema nyeusi yake ni kitu fulani na nyekundu ni kitu fulani. Wanajuaje bila hata kukwangua? Mimi nikipelekwa kwenye ukuta uliopakwa na fundi mwenzangu siwezi kusema alitumia nini. La pili, mtungi una miaka mia tano na rangi inawaka, wakati nyumba niliyopaka mwaka juzi imeshapauka na mteja hanipi usingizi. Isije ikawa mitungi hiyo imepakwa juzi tu?

JIBU: Marahaba fundi. Nitaanza na shaka yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo tunayoanza nayo sisi wenyewe. Mtungi ukiwekwa mezani, kabla mashine yoyote haijawashwa, tunauliza: rangi hii ilipita motoni pamoja na chungu, au ilipakwa baada ya moto? Ukishalijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Ukiliruka, mashine itakupa majibu sahihi ya swali ambalo hukuuliza.

Wewe unapaka ukuta uliokwisha kujengwa. Mfinyanzi wa Cusco, mji mkuu wa Wainka, alipaka chungu ambacho bado kilikuwa udongo mkavu, hakijaonja moto. Rangi yake haikuwa na gundi wala mafuta. Ilikuwa udongo laini wenye chuma kingi, au jiwe jeusi lililosagwa, ukakorogwa na maji ukawa kama uji mwepesi, ukapakwa, ukasuguliwa kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Ndipo chungu kikachomwa. Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, miti ni ya kuhesabu, na wafinyanzi wa nyanda hizo hadi leo huchomea nyasi za mlimani na mavi makavu. Moto wa namna hiyo kwa kawaida hucheza kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi. Humo rangi na mwili wa chungu hushikana chembe kwa chembe. Kinachotoka si chungu kilichopakwa rangi, ni chungu chenye ngozi ya rangi nyingine.

Sasa tazama ukuta wa mteja wako. Rangi ya dukani ina mambo mawili makubwa: unga wa rangi, na gundi inayoushika unga huo ukutani. Jua linaitafuna gundi. Pitisha kiganja kwenye ukuta uliopauka, kitatoka na unga. Ule ni rangi yenyewe, imeachwa na gundi yake. Na kuna kichekesho ndani yake. Titani, ule unga mweupe unaozipa rangi nyingi za kisasa weupe wake, ukipigwa na jua husaidia kuitafuna gundi iliyoubeba. Ndiyo maana viwanda huzivika chembe zake ngozi nyembamba ya silika au alumina kabla ya kuzitia ndoani. Mwambie mteja wako hivyo. Asipokuelewa, angalau atanyamaza kidogo.

Wekundu wa Wainka hauna gundi ya kutafunwa. Kiini chake ni hematiti, yaani chuma kilichokwisha kula oksijeni yote kinayoweza kula. Ni kutu iliyofika mwisho wa kutu, na jua halina la kuifanya zaidi. Wewe unaifahamu vizuri: ni ileile redioksaidi unayopaka kwenye mageti, ileile inayotiwa kwenye saruji ya sakafu nyekundu za nyumba za zamani, na ni ndugu ya ngeu ambayo seremala hupaka kwenye uzi wake wa kupigia mistari. Tofauti ni kwamba ya geti imeshikwa na mafuta, na mafuta yakichoka inabanduka. Ya mtungi imeshikwa na moto.

Kabla sijafika kwenye bunduki, nikueleze mtungi wenyewe, maana video hizi za simu hukimbia. Dola ya Wainka, waliyoiita Tawantinsuyu, ilitanuka katika karne ya 15 kutoka Cusco hadi Ecuador ya leo upande wa kaskazini, na hadi Chile ya kati na kaskazini magharibi ya Argentina upande wa kusini. Mwaka 1532 Francisco Pizarro na Wahispania wake walimteka mfalme Atahualpa huko Cajamarca, na mambo yakaharibika. Chombo kinachoitambulisha dola hiyo kuliko vyote ni urpu, mtungi wa pombe ya mahindi: kitako kimechongoka, shingo ndefu, mdomo umepanuka kama tarumbeta, masikio mawili chini ya tumbo, na begani kuna kijinundu chenye sura ya kichwa cha mnyama. Kamba ilipita kwenye masikio, ikazunguka juu ya kijinundu, mtu akaubeba mgongoni. Ipo midogo ya kukaa kiganjani na ipo inayopita mita moja. Wazungu waliuita aríbalo kwa kuufananisha na kichupa cha mafuta cha Wagiriki, na jina hilo halikuutendea haki. Rangi zake ni chache: nyekundu, nyeusi, nyeupe ya maziwa, na rangi ya chungwa ya udongo wenyewe. Michoro ni pembe nne, pembe tatu, mistari, na ule mchoro maarufu wa majani yanayofanana na kangaga.

Hapo kwenye nyeusi ndipo penye utamu, na ndipo hasa bunduki inapopata kazi.

Katika dunia ya vyungu kuna weusi wa aina tatu. Wa kwanza ni kaboni: masizi, mkaa. Wa pili ni chuma kilichonyimwa oksijeni, kikawa magnetiti badala ya hematiti. Wa tatu ni manganizi, madini ambayo bila shaka umeyashika bila kujua, maana unga mweusi wa ndani ya betri ya kawaida ya tochi ni manganizi iliyochanganywa na kaboni. (Usiende kuipasua, ina mengine ndani yasiyofaa mkononi.)

Sasa fikiria kama fundi. Unataka chungu kimoja, kichomwe mara moja, kitoke na mwili wa chungwa, mchoro mwekundu na mistari myeusi. Ukichora mistari kwa mkaa, moto wenye hewa ya kutosha utaula mkaa wote na utafungua joko ukute mistari haipo. Ukichora kwa chuma, itabidi uunyime moto hewa ili chuma kiwe cheusi, lakini ukifanya hivyo mwili na mchoro mwekundu navyo vitaingia weusi. Wagiriki wa Athene walilitatua hilo kwa ujanja wa kufungua hewa, kuifunga, na kuifungua tena katika mchomo mmoja, huku rangi yao nyeusi ikiwa laini kiasi cha kujifunga kama kioo isirudi wekundu. Watu wa Andes, safu ya milima ya Amerika Kusini walikoishi Wainka, walipita njia fupi zaidi: walitafuta jiwe ambalo linabaki jeusi hata hewa ikiwa tele. Manganizi haijali. Uipe hewa, uinyime, inatoka nyeusi au kahawia iliyoiva. Kwa hiyo nikiona mstari mweusi safi juu ya mwili mwekundu uliochomwa kwa hewa nyingi, kabla ya kugusa mashine tayari naiwazia manganizi. Mashine naipelekea swali la ndiyo au hapana.

Bunduki uliyoona hupiga eksirei, kwa nguvu ndogo. Eksirei ikigonga chembe ya elementi fulani, huing'oa elektroni ya ndani kabisa. Elektroni ya nje hushuka kujaza pengo, na katika kushuka hutoa eksirei nyingine yenye nguvu ya kipimo maalumu. Kila elementi ina kipimo chake, haibadilishi. Chuma hujibu kwenye kiloelektronivolti (kizio cha nguvu ya eksirei) 6.40, manganizi 5.90, kalsiamu 3.69, zebaki 9.99. Ni kama kumtambua jirani kwa kikohozi chake gizani: humwoni, lakini humchanganyi na mwingine. Aliyeonyesha kwamba vikohozi hivi vimepangwa kwa utaratibu ni kijana Mwingereza, Henry Moseley, mwaka 1913. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli akiwa na miaka 27. Hakuna kilichokwanguliwa, hakuna kilichotobolewa, na jibu linapatikana kwa muda wa kunywa kahawa.

Ila bunduki ina upungufu wake, na video hazikuambii.

Kwanza, inasema elementi, haisemi kitu. Ikikuambia "chuma", haijui ni hematiti nyekundu, magnetiti nyeusi au udongo wa njano. Pili, ngozi ya rangi ni nyembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, na eksirei hupita mpaka kwenye mwili wa chungu ambao nao umejaa chuma. Ndiyo maana hatupimi mara moja. Tunapima kwenye rangi, kisha pembeni pasipo rangi, kisha tunatazama tofauti. Mtu akikuletea kipimo kimoja cha sehemu nyekundu akasema "nimekuta chuma", mwulize na sehemu isiyopakwa alikuta nini. Tatu, elementi nyepesi haizisikii. Kaboni kwake ni kimya kitupu. Mstari mweusi ambao haukuzidisha manganizi wala chuma unakuachia dhana kwamba ni kaboni, nayo ni dhana tu hadi kifaa kingine kithibitishe.

Nne, vikohozi vingine hukaribiana. Manganizi ina mlio wa pili kwenye 6.49, na mlio wa kwanza wa chuma uko 6.40. Ukiwa na manganizi nyingi, programu ya mashine inaweza kukuongezea chuma ambacho hakipo. Bariamu ni mtihani mkubwa zaidi: mlio wake mmoja uko karibu sana na ule wa titani, kwenye 4.5 hivi, na mawe ya manganizi mara nyingi hubeba bariamu. Matokeo yake, mwanafunzi anapima mstari mweusi, mashine inamwandikia "titani", naye anaruka kwamba amekamata rangi ya kisasa. Hajakamata kitu. Angetazama mlio wa pili wa bariamu, kwenye 4.83, angeukuta umekaa palepale unamsubiri.

Kwa hiyo baada ya bunduki tunaleta leza. Mwaka 1928, huko Calcutta, mwanasayansi Mhindi C. V. Raman aligundua kwamba mwanga ukigonga kitu, sehemu ndogo mno ya mwanga huo, labda chembe moja katika milioni kadhaa, hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imegawana nguvu na mtikisiko wa molekuli. Miaka miwili baadaye akapata Tuzo ya Nobel. Mbinu hiyo tunaiita kwa jina lake. Yenyewe haisemi elementi, inasema kampaundi: jinsi chembe zilivyoshikana. Kwenye mchoro unaotolewa na mashine, hematiti huleta vilele karibu na namba 225, 292 na 411; magnetiti huleta kimoja kipana karibu na 668; kaboni huleta viwili vinene, karibu na 1350 na 1580. Leza tunaipitisha kwenye hadubini, kwa hiyo tunaweza kulenga punje moja ya rangi iliyo ndogo kuliko vumbi.

Hapa nina aibu yangu ya kukusimulia. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kigae chenye mstari mweusi nikipime kwa leza. Sikuwa na subira, nikaongeza nguvu ili picha itoke haraka. Ikatoka, nzuri, vilele vimesimama: hematiti. Nikaandika ripoti kwamba mstari mweusi umetengenezwa kwa madini mekundu. Mwalimu akaisoma, akaniita, akaniuliza kwa upole kama macho yangu yana tatizo. Nilikuwa nimeichoma magnetiti kwa leza palepale chini ya hadubini ikageuka hematiti, kisha nikaupima moshi wa kosa langu. Manganizi nayo ni hivyohivyo, haivumilii leza kali. Tangu siku ile naanza na nguvu ndogo kabisa na kupima sehemu moja mara mbili. Vilele vikihama kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, najua ni mimi ninayevihamisha.

Jambo zuri ni kwamba udhaifu huo wa madini mbele ya joto ndio unaotupa kipimajoto cha moto wa kale. Udongo wa njano una rangi yake kwa sababu ya goethiti, chuma kilichofungamana na maji. Ukipita nyuzi 300 hivi, maji yanatoka na njano inageuka nyekundu, wala hairudi. Kwa hiyo ukikuta goethiti hai juu ya chungu, ama iliingia baada ya moto, ama ni udongo wa kaburini uliong'ang'ania. Kaolini, udongo mweupe, hupoteza umbo lake la ndani kati ya nyuzi 500 na 600. Chokaa huvunjika kuanzia 700 na kitu, na joto likizidi kalsiamu yake huoana na silika kuzaa madini mapya ambayo hayakuwepo kwenye udongo mbichi. Manganizi yenyewe hubadili sura ngazi kwa ngazi kadiri joto linavyopanda, na ikichanganyika na chuma huzaa jakobsiti, madini ambayo ukiyakuta kwenye mstari mweusi ni kama cheti kwamba mstari huo ulikuwa ndani ya moto pamoja na chungu. Ndiyo njia tunayopenda kuliko zote ya kujibu shaka yako.

Maana shaka yako, fundi, ni ya haki. Vyungu vya Andes vinauzwa kwa fedha nyingi, na wapo wanaovitia rangi upya ili vipendeze, na wapo wanaovitengeneza jana. Rangi iliyoongezwa juu hujisaliti kwa mambo madogo. Inapita juu ya ufa badala ya kukatwa na ufa. Inaingia ndani ya mikwaruzo. Pamba yenye asetoni inatoka na wekundu. Chini ya taa ya urujuanimno, gundi za kisasa mara nyingi hung'aa kwa namna ambayo udongo uliochomwa haung'ai. Na bunduki ikisema kromi, au zinki nyingi, au kobalti mahali pasipostahili, tunakunja uso.

Lakini sikiliza kisa cha titani, kwa sababu kinafundisha unyenyekevu. Weupe wa titani ulianza kutengenezwa viwandani miaka ya 1910 na 1920. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa kazi yangu ilikuwa sheria isiyoandikwa: ukikuta nyeupe ya titani kwenye kitu kinachodai kuwa cha kale, ama kimerekebishwa ama ni bandia. Basi kuna vikombe vya mbao vya Andes, vinaitwa qero, vya kunywea pombe ileile ya mahindi. Mafundi wa Wainka walivichonga kwa mistari tu, na karibu na wakati wa Wahispania wakaanza kuvijaza michoro ya rangi nyingi kwa utomvu wa mti unaoitwa mopa mopa. Wataalamu walipopima nyeupe ya baadhi ya vikombe hivyo walikuta titani. Kwa sheria yetu vilipaswa kutupwa kwenye kapu la bandia. Uchunguzi wa leza na hadubini ukaonyesha kwamba titani hii haifanani na ya kiwandani: ipo katika umbo la anatasi, mojawapo ya namna chembe za titani zinavyojipanga, imechangamana na silika ya asili kwa namna ambayo kiwanda hakiitengenezi. Na mpakani mwa Peru na Chile ipo ardhi yenye mchanganyiko huohuo, tayari umesagwa na maumbile, mweupe, unachotwa tu. Mafundi wale walikuwa wanatumia nyeupe ya titani karne kadhaa kabla ya kiwanda cha kwanza. Kosa lilikuwa kwenye sheria yetu.

Angalia pia kwamba qero ni mbao, haukupita motoni. Ndiyo maana umebeba rangi ambazo huzikuti kwenye mtungi uliochomwa. Sinabari ni mfano mzuri: wekundu wa kuvutia mno, ni zebaki na salfa. Watu wa Andes waliiita llimpi na waliithamini sana, na chimbuko lake kuu ni Huancavelica, katikati ya Peru. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya matope ya chini ya maziwa ya eneo hilo, vilivyoonyesha zebaki ikianza kupanda yapata mwaka 1400 kabla ya Kristo, kwa maana watu walikuwa wanachimba huko zaidi ya miaka elfu mbili kabla Mwinka wa kwanza hajazaliwa. Lakini iweke sinabari kwenye joko: kabla hata ya nyuzi 600 imeshageuka mvuke na kukimbia, na mvuke wa zebaki ni sumu. Bunduki ikilia zebaki kwenye mchoro mwekundu wa chungu, basi najua wekundu huo ulipakwa chungu kimeshapoa. Huenda ulipakwa na kuhani, huenda na mfanyabiashara wa mwaka 1970. Hapo inabidi kuendelea kuchimba.

Kupaka baada ya moto si uhuni wa wauzaji, ulikuwepo zamani za kale. Wapo watu wa Paracas, pwani ya kusini ya Peru, waliotangulia Wainka kwa zaidi ya miaka elfu moja. Walichoma chungu kwanza, kisha wakakipamba kwa rangi za kung'aa zilizochanganywa na utomvu. Zilipendeza, na leo zinabanduka kama ukuta wa mteja wako. Waliowafuata, watu wa Nasca, wakahamia kwenye udongo wa rangi uliopita motoni, na vyungu vyao ukiviona utafikiri vimetoka sokoni asubuhi. Nikiulizwa mimi, badiliko hilo ni kubwa kuliko ushindi wowote wa kivita wa Andes, ila najua wanahistoria hawatanipa kura.

Nini basi tumejifunza kuhusu Wainka kwa kupima namna hii? Kwa macho, urpu wa Ecuador na urpu wa Argentina vinaonekana kama ndugu wa tumbo moja, ingawa kati yao kuna maelfu ya kilomita. Zamani watu walidhani vyote vilisafirishwa kutoka Cusco kwa migongo ya watu na lama. Mwaka 1990 Terence D'Altroy na Ronald Bishop walichapisha vipimo vya udongo wa vyungu vya mtindo wa Wainka kutoka majimbo kadhaa, na ikaonekana kila eneo lilifinyanga vyake kwa udongo wa kwao. Kilichosafiri zaidi ni mchoro na amri, chungu kilibaki nyumbani. Dola pia ilihamisha watu: kaskazini mwa Ziwa Titicaca, mahali paitwapo Milliraya, mfalme Huayna Capac aliweka makazi ya wafumaji na wafinyanzi wa serikali.

Lakini mitungi mingine ilisafiri kweli. Mwaka 1999, juu ya mlima Llullaillaco mpakani mwa Argentina na Chile, mita zaidi ya 6,700, Johan Reinhard na Constanza Ceruti walifukua watoto watatu waliotolewa sadaka na Wainka, wamehifadhiwa na baridi, pamoja na vyombo vyao vidogo vya udongo. Udongo wa vyombo vya sadaka za namna hii ulipopimwa, baadhi yake ulilingana na wa Cusco na mwingine na wa bonde la Titicaca. Chungu kidogo kilibebwa safari ya majuma kadhaa kwa miguu hadi kileleni.

Kwa rangi peke yake, kusema imetoka shimo gani ni kazi ngumu kuliko kwa udongo, kwa sababu ya ule wembamba wake niliokuambia. Manganizi hutusaidia kidogo, kwa kuwa kila shimo huchanganya manganizi yake na viungo vyake: huku bariamu imezidi, huku kobalti, huku risasi. Kuvipima viungo hivyo vizuri tunatumia leza nyingine, yenye kuchimba kitundu kisichoonekana kwa macho na kupeleka mvuke wake kwenye mashine ya kupimia uzito wa atomu. Hapo, kusema kweli, tunakuwa tumekwangua. Wenye makumbusho huhesabu vitundu hivyo kimoja kimoja, nao wana haki.

Na lile la ukuta wa fundi mwenzako: ungekuwa na bunduki ungejua ana titani, chokaa au zinki, lakini kampuni gani, hapana. Gundi ni kaboni na haidrojeni, na bunduki haiisikii. Kwa hilo ingebidi ubandue kipande cha kucha na ukipeleke maabara, na hapo ni rahisi zaidi kumpigia simu fundi mwenyewe.

Kama unataka kuona moto ukibadili rangi bila mashine, tafuta udongo wa njano, ule wa kandokando ya barabara iliyochongwa. Ukoroge na maji, uchuje kwa kitambaa, upake mistari miwili ya upana wa kidole kwenye kipande cha tofali bichi kilichokauka vizuri. Mstari mmoja upanguse ukihifadhi unga wake kwenye karatasi, wa pili uache. Tia kipande kwenye jiko la mkaa uliokolea, ukifunike kwa mkaa, ukiache mpaka moto ufe wenyewe. Usikimwagie maji, kitapasuka. Asubuhi weka karatasi na tofali pembeni. Kama udongo wako ulikuwa na goethiti, utakuwa na njano mkono huu na nyekundu mkono huu, kutoka shimo moja. Ikitoka kahawia inayoelekea weusi, niandikie umeutoa wapi udongo huo.